Mcheza Kwao Hutuzwa: Namna ya Kupunguza Tabia Hatarishi kwa Watu Wenye Ulemavu wa Ukuaji

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kisarawe, nyuma ya nyumba iliyozungukwa na mikorosho, upo mwembe ambao gome lake limelika kwa msuguano wa kamba. Kila asubuhi, mama anapokwenda gengeni kuuza mihogo, mwanawe wa miaka 12 hufungwa kiunoni kwenye mwembe huo. Hafungwi kwa chuki. Mtoto huyo hana maneno. Hujipiga kichwani kwa kiganja, huuma mkono wake mpaka ngozi imeota sugu, na aliwahi kumng'ata mdogo wake shavuni. Siku moja alikimbilia barabarani, akanusurika kugongwa na pikipiki. Jioni ya siku hiyo mama alinunua kamba.

Mtoto huyu si mtu mmoja. Ni sura iliyokusanywa kutokana na hali zinazofanana, ili pasiwepo familia itakayotambuliwa. Hata hivyo, hakuna jambo katika mfano huu lililo geni kwa wahudumu wa afya, walimu wa elimu maalumu na wazazi wa Kisarawe na Kibaha. Watu wenye ulemavu wa akili, usonji, sindromu ya Down au mtindio wa ubongo wamo katika kila kata. Baadhi yao hujijeruhi, hupiga wengine, huvunja vyombo au hutoroka nyumbani. Tabia hizo ndizo zinazowafungia milango: shule huwakataa, majirani huwakimbia, na mama hubaki peke yake na kamba yake.

Makala haya yanaeleza njia ambayo imechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne, isiyohitaji mashine wala fedha nyingi, nayo ni kupunguza tabia hatarishi kwa kuimarisha tabia njema iliyo badala yake.

Mwili huulizwa kwanza

Kabla ya kufikiria tuzo ya aina yoyote, mhudumu wa afya anapaswa kuuchunguza mwili. Mtu asiyeweza kusema kwamba sikio linamuuma hulisemea sikio hilo kwa kiganja chake. Jino lililooza, usaha sikioni, choo kigumu, minyoo, upele unaowasha, malaria, njaa, kukosa usingizi na, kwa msichana, maumivu ya hedhi, vyote hivyo vinaweza kujitokeza kama ukali au kujipiga. Tabia iliyoanza ghafla, au iliyozidi ghafla, ichukuliwe kuwa maumivu mpaka uchunguzi uoneshe vinginevyo.

Kwa mtoto wa Kisarawe, jambo hilo lilibainika alipopelekwa kituo cha afya kuchukua dawa za kifafa. Tabibu alilitazama sikio la kushoto, upande uleule aliozoea kuupiga, akakuta usaha. Baada ya sikio kukaushwa na kutiwa dawa kwa siku kadhaa, kujipiga kulipungua sana. Kung'ata kulibaki.

Dawa nazo huulizwa. Fenobabitoni, ambayo ni ya bei nafuu na hutumika sana kutibu kifafa vijijini, inaweza kumfanya mtoto awe na hasira, papara na kutotulia. Mzazi anayeona mabadiliko hayo asiikatize dawa kwa uamuzi wake, maana degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kuhatarisha maisha. Amweleze daktari, naye atapima kama dozi irekebishwe au dawa ibadilishwe hatua kwa hatua.

Lipo jambo jingine linaloulizwa kwa faragha na kwa upole. Mabadiliko ya ghafla ya tabia, hasa woga wa mtu fulani au wa mahali fulani, yanaweza kuwa dalili ya kupigwa au kudhalilishwa kingono. Watu wenye ulemavu wa akili hulengwa kwa sababu mkosaji huamini kwamba hawatasema, na wakisema hawataaminika. Panapokuwa na shaka hiyo, afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi wahusishwe mara moja.

Tabia ni ujumbe

Mwili ukishatibiwa na tabia ikabaki, swali linalofuata ni hili: mtu huyu anapata nini kwa kufanya hivi?

Mwaka 1982, Brian Iwata na wenzake huko Baltimore, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watu 9 wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa wakijijeruhi. Badala ya kuuliza ni ugonjwa gani unaowafanya wajipige, walibadilisha mazingira na kuangalia kilichotokea. Wapo waliojijeruhi zaidi walipopewa kazi ngumu. Wengine, kujipiga kulipofuatwa na maneno ya kuwajali. Na wengine hata walipokuwa peke yao. Kitendo kilionekana kuwa kilekile, lakini sababu zake zilitofautiana kati ya mtu na mtu.

Tangu hapo wataalamu hutaja sababu kuu nne. Mtu hufanya tabia sumbufu ili aangaliwe, ili apate kitu anachokitaka, ili akwepe jambo asilolipenda, au kwa sababu kitendo chenyewe humpa mwili wake hisia fulani. Sababu hizo hazina uovu ndani yake, kwani kila binadamu anataka kuangaliwa, kupata na kupumzika. Tofauti ni kwamba wengine wana maneno ya kuomba, naye hana.

Tabia inayofuatwa na faida huota mizizi. Kanuni hiyo ndiyo inayoitwa uimarishaji. Mtoto aking'ata, akapewa biskuti ili anyamaze, amefundishwa kwamba meno huleta biskuti. Anayempa hakukusudia kufundisha. Alitaka utulivu tu. Lakini somo limeingia, na kesho litarudiwa.

Ili kuijua sababu, si lazima kuwa na maabara. Daftari la shule lenye mistari mitatu ya kusimama linatosha: kilichotokea kabla, tabia yenyewe, na kilichofuata. Mama wa Kisarawe hakujua kuandika vizuri, hivyo binti yake wa darasa la sita alimwandikia kwa siku saba. Daftari lilipofunguliwa mbele ya muuguzi, sura ya mambo ilionekana. Kung'ata kulikuja zaidi nyakati mbili: mtoto alipoona chakula kikipikwa, na alipoitwa kuoga. Mara ya kwanza alipewa kitu cha kutafuna ili atulie. Mara ya pili aliachwa asioge. Katika siku hizo saba, karibu kila alipong'ata alipata alichotaka.

Kufundisha lugha iliyo badala ya meno

Pwani wanajua tuzo ni nini. Ngoma inapochezwa na mchezaji akapatia, watu humfuata hapohapo uwanjani na kumbandika noti kwenye paji la uso. Hawangoji kesho, wala hawamtuzi aliyekaa pembeni. Mcheza kwao hutuzwa, na anayetuzwa hucheza zaidi. Uimarishaji unafuata mantiki hiyohiyo, ila kwa mpango.

Mwaka 1985, Edward Carr na Mark Durand walionesha jambo lililobadilisha kazi hii. Waliwafundisha watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji njia ya kuomba kile ambacho tabia yao sumbufu ilikuwa ikiwapatia: wengine kuomba msaada kazi ilipokuwa ngumu, wengine kuuliza kama wanafanya vizuri ili wasifiwe. Maombi yao yalipojibiwa, tabia sumbufu ilishuka. Hawakuhitaji tena kupiga kelele, kwa kuwa walikuwa wamepata njia fupi zaidi.

Kwa mtoto asiye na maneno, njia hiyo inaweza kuwa ishara ya mkono, picha au kitu. Muuguzi na mama walichagua kikombe cha plastiki chekundu. Chakula kilipokuwa kikipikwa, dada alisimama nyuma ya mtoto, akamshika mkono kwa upole na kumsaidia kumkabidhi mama kikombe. Palepale mama alimtilia uji kidogo na kumsifu kwa jina lake. Zoezi likarudiwa mara kumi kwa siku, kila mara kabla meno hayajafika mkononi. Baada ya wiki moja dada alimgusa kiwiko tu. Wiki ya tatu mtoto alikichukua kikombe mwenyewe.

Kuhusu kuoga, alifundishwa kuinua kiganja kuomba kusubiri. Akiinua, maji yaliwekwa chini kwa muda mfupi. Kisha walianza na miguu peke yake, akatuzwa kwa kipande cha embe, wakamaliza. Siku zilizofuata waliongeza magoti, kisha mikono. Haba na haba hujaza kibaba.

Tuzo ina masharti yake. Iwe kitu ambacho mhusika mwenyewe anakipenda, si kile ambacho mzazi anadhani kinapendeza: yupo anayependa embe, yupo anayependa redio, na yupo anayefurahia kusukumwa kwenye bembea. Ije mara tu baada ya tendo jema, maana fimbo ya mbali haiui nyoka, na tuzo ya jioni haifundishi tendo la asubuhi. Iwe ndogo ili isikinaishe. Mwanzoni itolewe kila mara. Tendo likishazoeleka, ipunguzwe polepole, na sifa na maisha ya kawaida vichukue nafasi yake.

Wazazi wengi huuliza kama hii si rushwa. Jibu limo katika mpangilio wa mambo. Rushwa hutolewa tabia mbaya ikiwa imeshaanza, ili ikome. Tuzo hutolewa baada ya tabia njema, ili irudi. Aidha, mlo wa mtoto, maji, usingizi na upendo ni haki zake. Havizuiliwi ili viwe tuzo. Kinachotumika ni nyongeza.

Siku ya tatu na huruma ya bibi

Sehemu ngumu zaidi ya mpango ni kuacha kuilipa tabia ya zamani. Kung'ata kukiacha kuleta biskuti, mtoto hawezi kukubali mara moja. Kwanza hung'ata zaidi, hulia zaidi, hujitupa chini. Ongezeko hilo si dalili ya kushindwa. Ni mtu anayebisha kwa nguvu mlango uliokuwa ukifunguka. Familia isiyoambiwa mapema huvunjika moyo hapo na kurudi ilikotoka.

Kwa familia hii ilikuwa siku ya tatu. Mtoto alilia tangu adhuhuri hadi alasiri, na bibi yake, ambaye hakuitwa kwenye mazungumzo na muuguzi, hakuweza kuvumilia. Alimpa biskuti mbili kwa siri. Siku iliyofuata kilio kikawa kirefu maradufu. Tabia inayolipwa mara moja moja ni ngumu kuondoa kuliko inayolipwa kila siku, kwa sababu mtendaji hujifunza kwamba akivumilia atapata.

Muuguzi hakumlaumu bibi. Alimwomba awe ndiye mtoaji wa biskuti, kwa sharti moja tu: kikombe kije kwanza. Huruma yake haikuondolewa. Ilihamishiwa mahali panapofundisha. Ndiyo maana mpango wa aina hii hufanywa na watu wote wa nyumba, si mama peke yake.

Wakati huo usalama haupuuzwi. Mtoto anayejipiga kichwa ukutani huzuiwa kwa utulivu na kuwekewa kitu laini, bila maneno mengi na bila zawadi. Kama majeraha ni makubwa, mpango usianzishwe nyumbani bila usimamizi wa daktari. Na si kila tabia ya ajabu ni ya kuondolewa. Kutikisa mwili, kupeperusha vidole au kupanga mawe kwa saa nzima, ikiwa havimdhuru mtu, vinaweza kuwa njia ya mhusika kujituliza. Aachwe na heshima yake.

Adhabu iliyokuwa tuzo

Kanuni hiyohiyo huonekana darasani. Katika mfano mwingine, msichana wa miaka 16 mwenye sindromu ya Down anasoma kwenye kitengo cha elimu maalumu mjini Kibaha. Kila alipopewa kazi ya kuandika, alichana daftari na kusukuma meza. Kila alipofanya hivyo, alitolewa nje kama adhabu. Nje kulikuwa na kivuli, upepo na mpishi wa uji aliyempenda. Kwa mwaka mzima adhabu ilikuwa tuzo, na kwa mwaka mzima madaftari yalichanwa.

Mwalimu alipoliona hilo, alibadilisha mambo matatu. Aligawa kazi ya ukurasa mzima kuwa mistari miwili. Alimpa kadi yenye picha ya kiti, ambayo akiionesha anapumzika dakika chache bila kuulizwa. Na akimaliza mistari yake, ndiye aliyemsaidia mpishi kugawa vikombe. Jambo alilokuwa akilipata kwa kuchana daftari sasa alilipata kwa kuandika. Ilibainika pia kwamba siku zake mbaya zaidi zilirudi kila mwezi. Dawa ya maumivu na taulo za kike zilitatua sehemu ambayo tuzo isingetatua.

Fimbo haikuwahi kumfundisha kitu. Hata miongoni mwa wataalamu wa nje wapo waliotumia adhabu za maumivu katika miaka ya 1960, ikiwamo mshtuko wa umeme, na taaluma imelazimika kujisahihisha. Adhabu inaweza kukatiza tendo kwa muda, lakini haimpi mtu njia nyingine ya kuomba, humfundisha woga, na humwonesha kwamba mwenye nguvu hupiga. Hapa nchini, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna inayomshushia utu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda utu wa wote, watoto na watu wazima. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili naye asifanywe mtoto: tuzo yake iwe ya rika lake, kama kazi, fedha kidogo, muziki au mazungumzo.

Nafasi ya dawa

Familia nyingi hufika hospitali zikiomba dawa ya kutuliza. Dawa hizo zipo, na zina nafasi yake. Mwaka 2006, Marekani iliidhinisha risperidoni kwa ajili ya ukali na ghadhabu kwa watoto na vijana wenye usonji wa umri wa miaka 5 hadi 16. Lakini dawa hiyo huongeza uzito, huleta usingizi, na inaweza kusababisha mitetemeko au kukakamaa kwa misuli. Zaidi ya hayo, haimfundishi mtu kukabidhi kikombe. Inaweza kupunguza moto ili mafunzo yawezekane. Haitakiwi kuwa badala ya mafunzo. Mtu aliyelazwa usingizi siku nzima hajapona. Amenyamazishwa.

Nani wa kuanza

Wataalamu wa tabia ni wachache nchini, na nauli ya kutoka Maneromango au Mlandizi hadi Muhimbili si jambo dogo kwa muuza mihogo. Kwa sababu hiyo njia inayofaa ni kuwafundisha walio karibu. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya stadi kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na watu wasio mabingwa. Yamejaribiwa katika nchi nyingi, zikiwamo Kenya na Ethiopia. Msingi wake ni uleule: cheza na mtoto, mfundishe kuwasiliana, ielewe tabia kabla ya kuihukumu, na mtunze mlezi naye.

Kibaha ina historia inayolingana na wazo hilo. Mradi wa nchi za Nordiki ulioanzishwa hapo miaka ya 1960, na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha, uliweka shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja, kwa imani kwamba ujinga, umaskini na maradhi havipigwi kimoja kimoja. Mtoto mwenye tabia hatarishi anahitaji ushirikiano wa namna hiyo: tabibu wa kutazama sikio, mwalimu wa kugawa kazi, afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kutembelea nyumba, na jirani atakayekaa naye saa moja ili mama alale.

Mlezi aulizwe hali yake. Mama anayeambiwa kila siku kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu hubeba lawama isiyo yake. Ulemavu wa mwanawe haukutokana na malezi mabaya, wala na shetani, wala na laana ya ukoo. Mlezi asiyelala, anayelia peke yake au anayefikiria kujidhuru ni mgonjwa wa pili katika chumba hicho, naye anastahili matibabu.

Kamba ya Kisarawe haikuondoka kwa siku moja. Kwanza ilifunguliwa saa ambazo bibi yupo nyumbani. Kisha wajomba walijenga uzio wa fito kuzunguka ua, na mtoto akakaa ndani yake akiwa huru wakati mama yuko gengeni. Kung'ata kulikokuwa kwa kila siku kumekuwa kwa mara chache kwa mwezi, na hurudi akiumwa au nyumba ikipata wageni wengi. Bado hana maneno. Ana kikombe, kiganja na ishara ya tatu aliyoibuni mwenyewe: huvuta upindo wa kanga ya mama akitaka kuketi karibu naye.

Mhudumu wa afya atakayempokea mtoto kama huyu asianze na karatasi ya dawa. Autazame mwili, kisha amuulize mlezi maswali mawili na kuyasikiliza majibu yake mpaka mwisho: kabla ya tabia hiyo kulitokea nini, na baada yake alipata nini?